Vitambaa vya Harusi ya Dada Vika

Mwezi uliopita tulimzika dada yangu Ludovika, ambaye sisi wa nyumbani tulimwita Vika, kule Mbeya. Kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki na kumbukumbu na miwani, watoto wake wakaniomba niandike wasifu wa marehemu, niusome kabla jeneza halijatoka nyumbani kwake mtaa wa Soweto. Nikaandika. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto watano, wajukuu, kwaya. Kuhusu macho niliandika mstari mmoja tu, kwamba mwaka sabini na sita marehemu alipatwa na maradhi yaliyomwondolea uwezo wa kuona. Watu wakaguna kwa huruma, padri akainamisha kichwa, na nilipokaa jirani mmoja akanigusa bega akasema, "Umesoma vizuri, mama." Nimesoma vizuri! Msibani watu husifia hata anayekohoa. Mstari ule haukuwa uongo, ila ulikuwa umekatwa miguu na mikono, na mtu pekee duniani aliyejua umekatwa wapi ni mimi niliyeushika. Basi nimekaa hapa niandike mwaka ule mmoja. Ya kabla yake hayana kazi hapa, na ya baada yake watoto wa Vika wanayajua kunishinda.

Nilifika Iringa mwezi wa kwanza, nina miaka kumi na sita, na sanduku la bati lililojaa nguo chache na aibu ya kutochaguliwa kwenda sekondari. Nilipelekwa kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa na nyumba ya vyumba vitatu Makorongoni. Vika alikuwa binti yake, miaka ishirini na mmoja, mchumba wa mtu. Kitu cha kwanza nilichokiona nyumbani kwao ni kwamba hakuna kitu kilichokuwa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa. Mtungi wa maji ulikuwa na kitambaa. Makochi ya mbao yalikuwa na vitambaa vya mgongoni na vya mikononi, na picha ya Mama Maria ukutani ilikuwa na kitambaa chake pembeni kama pazia, hata nikajiuliza kama na jiko nalo litavikwa. Na vyote vilikuwa vimedariziwa. Si yale maua ya kunakili kwa karatasi ya kaboni ambayo kila msichana wa mji ule alikuwa nayo, waridi moja na majani mawili, waridi moja na majani mawili, mpaka unachoka. Vika alichora mwenyewe kwa penseli. Alichora kanga wanaokimbia, alizeti iliyoinamisha kichwa kwa uzito, mwanzi unaogemwa pombe ya ulanzi na kibuyu chake kinachoning'inia. Nilikaa kwenye kochi siku ile nikashindwa kuegemea. Mama mkubwa akacheka, "Egemea mwanangu, ndege hao hawang'ati."

Vika alikuwa na maneno yake juu ya kazi hiyo, na aliyasema akiwa na uzi mdomoni, kwa hiyo ilibidi usikilize sana. "Mtu akila ugali na maharage kila siku ya Mungu," alisema, "angalau mezani apate cha kutazama." Na kweli tulikula ugali na maharage, Jumatatu mpaka Jumamosi, mara mojamoja makande, na Jumapili kipande cha nyama kilichokatwa kwa hesabu. Lakini meza ile! Chini ya sahani palikuwa na kuku jike na vifaranga saba waliozunguka ukingo mzima, na Vika aliwapanga kwa makusudi kila mlaji awe na kifaranga wake. Wangu alikuwa yule aliyegeuka kutazama nyuma. Siku ya tatu nikamwambia nataka kujifunza. Akanipeleka uani, akachuma jani la boga akaniwekea kiganjani. "Hili rangi gani?" Nikasema kijani. "Tazama tena." Nikatazama. "Kijani," nikasema. "Mdogo wangu, hapo pana kijani tatu, na kwenye mshipa pana njano. Ukiziona zote nne njoo nikupe sindano." Nilikaa na jani lile mpaka likanyauka. Leo nina miaka sitini na kitu, nimesomesha watoto, nimeuza duka, nimezika mume, na sijawahi kufundishwa jambo lolote vizuri kuliko nilivyofundishwa siku ile uani na mtu anayetafuna uzi.

Mchumba alikuwa Mwalimu Ambakisye, wa Mbeya, kijana mpole mwenye maandishi mazuri. Harusi ilipangwa baada ya Krismasi. Sasa kwa wanawake wa ukoo ule kulikuwa na jambo lao: kabla ya harusi, shangazi wa bwana harusi anakuja kuangalia vitambaa. Hakuna aliyeliita jaribio, waliliita kuangalia tu, lakini kila mtu alijua. Meza, makochi sita, foronya nne, shuka la kitanda, kitambaa cha redio na cha kufunikia sinia, vyote vya kazi ya mkono wa bibi harusi mwenyewe. Shangazi angevigeuza upande wa nyuma, kwa sababu mbele kila mtu anajua kupendeza, na nyuma ndiko uvivu unakokaa. Vika hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na mwaka mzima, na mkono wake ulijulikana mpaka Kalenga. Alitaka tu seti ile ipite yote aliyowahi kushona. "Nikifika Mbeya," aliniambia, "sitakuwa na mtu. Nitakuwa na hivi."

Mara ya kwanza kuona kosa ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ikiwa haikatiki. Vika alikuwa na desturi ya kwenda misa ya asubuhi kila siku, na mama mkubwa alikuwa anatoka mapema na maandazi yake kwenda sokoni, hivyo mimi nilibaki na nyumba saa nzima peke yangu, kazi yangu kufagia. Asubuhi hiyo nilikunja kitambaa cha meza cha harusi, maana alikuwa anashona kingine cha kuku na vifaranga, kikubwa zaidi, nikaona kifaranga mmoja hana miguu. Si kwamba hakumalizika. Uzi ulikuwa umefungwa vizuri kabisa, kazi imefungwa, na kifaranga kaelea hewani. Nikacheka. Nikasema kachoka huyu, kashona huku akisinzia. Nikachukua sindano nikamwekea miguu, mishono sita, na kwa mara ya kwanza mkono wangu ulikwenda bila kutetemeka. Vika aliporudi hakusema kitu. Nikadhani ameona na amenyamaza kwa kunikubali, nikajisikia mtu mkubwa. Kumbe hakuona. Siku ya pili tawi la upande wa kushoto lilikuwa linaishia katikati. Nikalimalizia. Wiki iliyofuata jani moja alikuwa ameliwekea bluu badala ya kijani cha tatu. Nikalifumua taratibu, mshono kwa mshono, nikalirudishia rangi yake.

Mniulize sasa, kwa nini sikusema? Nimejiuliza miaka karibu hamsini na nina majibu mengi, yote mazuri. Nilikuwa mgeni katika nyumba ile. Nilimpenda. Niliogopa kumwaibisha mwalimu wangu. Nilidhani ni uchovu, halafu nikadhani ni mawazo ya harusi. Haya yote ni kweli. Lakini liko moja ambalo sijamwambia mtu, hata padri kwenye maungamo nililizungukazunguka tu. Nilikuwa naona raha. Mimi niliyefeli, mimi ambaye jina langu halikuwemo kwenye orodha iliyobandikwa ukutani shuleni, kila alfajiri nilikuwa nakaa mlangoni penye mwanga nashona kazi ya Vika, na kazi ya Vika ilikuwa haijulikani imeishia wapi na yangu imeanzia wapi. Mkono wangu ulikuwa umekuwa mkono wake. Nilianza kuamka nikitumaini kuna kosa. Mungu anisamehe, nilikuwa nalitafuta.

Kufikia mwezi wa saba, Iringa ikiwa baridi ya kuuma masikio, makosa yalikuwa hayatafutwi tena. Yalikuwa yanakuja yenyewe, nusu ya ua, upande mzima wa ukingo. Na nyumbani kulikuwa na mambo mengine. Vika alimimina chai pembeni ya kikombe akatucheka sisi tuliomtazama. Alimkanyaga kuku uani, kuku mzima, mkubwa, mweupe. Aligonga bega kwenye mlango aliozaliwa nao. Mama mkubwa alikuwa akisema, "Bibi harusi haangalii njia, anaangalia Mbeya," nasi sote tukacheka, na Vika akacheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nacheka nao. Mchana nilikuwa nafundishwa na Vika namna ya kujaza jani, na alfajiri nilikuwa nafumua majani yake. Hebu fikirini mtoto wa miaka kumi na sita kubeba kitu hicho, na hakuna aliyemtwika.

Nyuzi tulinunua kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu aliyekuwa na duka karibu na soko, watu wao walitoka pwani zamani na yeye akawa Mwiringa kuliko Wairinga. Miaka ile nyuzi zilikuwa za kuvizia, leo zipo kesho hazipo, na Bi Zuhura alikuwa akimwekea Vika chini ya meza. Siku moja nilikwenda peke yangu kuchukua kijani. Nikamwamkia. Hakunipa uzi. Alinitazama, akasema, "Njoo huku ndani, mwanangu." Nikaingia nyuma ya pazia, palipokuwa na jiko na mkate wa kumimina unapoa. "Niambie kweli. Nyumbani kwenu nani anafumua?" Nikasema hakuna. "Nimeuza nyuzi miaka ishirini. Najua kitambaa cha meza kinakula nyuzi ngapi. Chenu kinakula mara mbili. Mtu anashona na mtu anafumua." Nikautazama mkate. "Na juzi dada yako kaja hapa mwenyewe, kaniomba kijani, nimemwekea mbele rangi nne, kachukua bluu. Kaishika hivi, karibu na pua, halafu kaitazama kwa pembe, kama kuku anavyotazama punje. Mwanangu, macho ya Vika ni mabovu. Mwambie mama yake ampeleke kwa daktari. Mimi nikisema wataniambia namroga bibi harusi. Wewe ni wa nyumbani, sema wewe." Akanikatia mkate, akanifungia kwenye gazeti, akanipa na uzi. Mkate niliula wote njiani ili nisiulizwe umetoka wapi.

Nilikusudia kusema. Kwa kweli nilikusudia. Wiki tatu nilibeba maneno yale, nikifika nayo jikoni yanashuka. Halafu ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa nane, na nafasi ikaja yenyewe, ikanisimamia mbele, nami nikaiacha ipite. Jioni ya kuamkia siku ile tulikuwa mezani, taa ya chemli imewashwa, Vika akasema kama anayesema hadithi, "Mama, siku hizi taa ina upinde wa mvua." Mama mkubwa akauliza upinde gani. "Unaizunguka. Na macho yananiuma nyuma huku." Mama mkubwa aliweka kijiko chini. Hakuwa mjinga mama yule. Asubuhi hakwenda sokoni. Alimwambia Vika asiende misa, akaketi naye uani, akamwuliza, unaona hiki, unaona kile, na Vika akijibu naona, naona, maana vitu vya mbele yake aliviona bado. Mama mkubwa hakuridhika. Akasema, "Sekela, niletee kile kitambaa cha meza."

Nikakileta. Nakumbuka uzito wake mikononi, kilikuwa karibu kumalizika. Mama mkubwa akasimama, akakitandaza juani kwa mikono miwili, akakisogeza karibu, akakigeuza nyuma, akafuata ukingo kwa kidole kifaranga kwa kifaranga. Kisha nikaona mabega yake yanashuka. "Jamani," akasema, na sauti yake ilikuwa na kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Mtu mwenye macho mabovu atashona hivi? Hebu tazama jani hili. Tazama manyoya ya huyu kuku! Vika mwanangu, tangu uanze kushika sindano hujawahi kushona hivi." Jani lile nililishona mimi. Manyoya yale niliyashona mimi. Na nitawaambia nilichohisi, kwa sababu nimeapa leo nitasema: kabla ya hofu, kabla ya aibu, nilifurahi. Nilisifiwa juani mbele ya mwalimu wangu, na damu ikanipanda usoni kwa furaha. Halafu nikamwona Vika. Alikuwa ananyoosha mkono akipapasa kile kitambaa, na uso wake nao ulikuwa umetulia. "Ni kweli mama," akasema. "Kama macho yangu ni mabovu ningeshona hivi? Ni usingizi tu." Yeye mwenyewe alikuwa na hofu, naelewa sasa. Alikuwa na hofu muda wote, na kazi yangu ndiyo iliyomtoa hofu. Mama mkubwa akamnunulia dawa ya maji ya kusafishia macho, akarudi kwenye maandazi yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walimsema mgonjwa anayeficha ya kwake. Hawakuacha neno kwa anayemfichia mwenzake maradhi ambayo mwenyewe hajui anayo. Nimelitafuta neno hilo kwa Kiswahili, nimelitafuta kwa Kinyakyusa cha mama yangu, sijalipata, na pengine ni vizuri kwamba halipo.

Mwezi wa kumi Vika alitumbukia kwenye shimo la choo kipya alilokuwa analichimba jirani. Shimo lilikuwa wazi, saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wamesimama kandokando yake wanaongea. Alikuwa anakwenda kuwasalimu. Hakuvunjika kitu, walimvuta wakamtoa akiwa na udongo mwekundu mpaka kwenye nywele, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Kwa bahati alikuwepo daktari wa macho aliyekuja kwa ziara kwenye hospitali ya misheni nje ya mji. Tulikwenda watatu. Daktari alimweka Vika kwenye chumba cha giza muda mrefu, akampima, akampima tena, akatuita. Alikuwa mtu wa kusema polepole. Alisema ni presha ya macho, kwamba huwapata wazee zaidi lakini vijana nao huwakuta, kwamba inaanza kula pembeni kidogokidogo na mgonjwa hajui, anajua tu siku imefika katikati. Kilichokwisha kwenda hakirudi. Kilichobaki ni kidogo sana, atampa dawa, lakini hatatudanganya. "Mngekuja mwezi wa tatu, wa nne," akasema, "ningekuwa na kitu cha kuokoa." Kisha akauliza Vika alikuwa akifanya kazi gani. Mama mkubwa akasema, kushona vitambaa. Daktari akavua miwani yake. "Kushona? Na hamkuona kazi inaharibika?" Mama mkubwa akajibu, na namsikia mpaka leo, alikuwa anamtetea mwanawe, alikuwa na fahari hata hapo: "Haikuharibika, daktari. Ilizidi kuwa nzuri."

Daktari alitikisa kichwa akasema ni ajabu, akaandika. Mimi nilitazama sakafu. Ilikuwa ya sementi nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, na ningependa kusema nililia au nilianguka, lakini nilisimama tu pale wima nikiwa na kikapu kitupu mkononi.

Mama mkubwa alikwenda kuchukua dawa, akatuacha kwenye benchi la nje, chini ya bati. Nikajiambia, sasa. Hata akinipiga, sasa. Nikamshika mkono. "Dada Vika," nikasema, "kuna jambo." Akasema, "Hata mimi. Ngoja nianze." Alikuwa ameelekeza uso mbele, kwenye bustani ya masista, na sijui alikuwa anaona nini cha bustani ile. "Nimekaa mle gizani nikawaza, Mungu, kwa nini. Halafu nikawaza vitambaa vyangu. Nimevimaliza, Sekela. Unaelewa? Mwaka mzima macho yalikuwa yanakwenda, na mikono ikanikubalia. Umemsikia mama? Ilizidi kuwa nzuri. Sasa waje waniambie mimi ni kipofu. Kipofu gani ameshona vile? Hicho hakuna wa kuninyang'anya." Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtiririka, hayafuti. Kisha akasema, "Haya, na wewe jambo lako?" Nikamwambia nasikia njaa. Akacheka, akanipapasa kichwa, akasema tutakula tukifika nyumbani.

Basi ndivyo nilivyofungwa, na kamba niliisokota mwenyewe. Ningesema, ningepata nafuu mimi, na yeye ningemwachia nini? Watu husema ukweli huponya. Labda. Nimeishi muda mrefu na nimeona ukweli ukiponya watu, lakini mara nyingi aliyepona ni msemaji.

Mama mkubwa alimwandikia Mwalimu Ambakisye barua, hakuficha kitu. Tukasubiri wiki tatu. Jibu lilikuwa fupi, la maandishi yale mazuri: yeye hajabadilika, ila wazee wamesema shangazi aje aangalie vitambaa kama ilivyopangwa, kisha watatoa neno. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Shangazi alikuwa anakuja kuamua kama anachukua mke au mzigo.

Alifika Jumanne, mama mrefu mwenye kitenge kizito, ametoka Mbeya na basi la asubuhi. Tulimkaribisha, akala viazi na maharage, akamsifu aliyepika, akauliza habari za mvua. Mimi nilikuwa kwenye kigoda kando ya Vika, mkono wake begani kwangu. Kisha shangazi akanawa, akafuta mikono, akasema, "Haya, tuone." Mama mkubwa akaleta kimoja kimoja. Shangazi alikaa mlangoni penye mwanga, pale pale nilipokuwa nakaa mimi alfajiri, akavigeuza nyuma. Vya makochi sita akaviweka kando, na foronya nne vilevile. Nilishindwa kukaa. Vika alipouondoa mkono begani kwangu kurekebisha khanga yake, niliinuka polepole asisikie, nikaenda kusimama karibu na mlango wa uani, niweze kutoka. Alipofika kwenye kitambaa cha meza alikitandaza magotini, akakaa nacho muda mrefu mno.

"Binti," akasema mwishowe. "Mimi ni mtu wa kusema wazi. Nilikuja hapa nimeshakata shauri. Nyumba ya mwalimu ina kuni, ina maji ya kuteka, itakuwa na watoto. Nikasema hatuwezi. Lakini mtu aliyeshona hiki huku macho yanamwishia, huyo nyumba haitamshinda, giza halitamshinda. Ndiyo maana nauliza, na nataka kweli tupu mbele ya mama yako. Umeshona mwenyewe?"

"Nimeshona mwenyewe, shangazi," Vika akasema.

"Hakuna aliyekusaidia?"

"Hakuna. Mwulizeni Sekela. Alikuwa nami kila siku."

Wale mama wawili wakanigeukia. Mama mkubwa alikuwa ameshika upindo wa khanga yake kwa mikono yote miwili. Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa imara, nzuri, kama ya mtu anayesoma darasani. "Ameshona mwenyewe, shangazi," nikasema. "Kila mshono."

Shangazi akapiga kigelegele, peke yake, kirefu, mpaka majirani wakachungulia. Mama mkubwa akakaa chini akalia kwa sauti. Na Vika, katikati ya kelele zile, akageuza uso kwenye kigoda nilichokuwa nimekalia, akakitabasamia, akanyoosha mkono kunishika goti. Mkono ukakosa. Akapapasa kidogo, akaurudisha taratibu akauweka mapajani mwake, na tabasamu lake hakuliondoa. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, na sikurudi kukaa.